Karatasi tatu, babu mmoja: namna ya kufuatilia ukoo wa Kiserbia ukiwa ughaibuni

Tuseme una karatasi tatu za babu mmoja aliyefia Pittsburgh. Babu huyu ni wa kubuni, ila karatasi za namna hii zimejaa makabatini mwa watu Marekani na Kanada. Fomu ya kuandikishwa jeshini ya mwaka 1917 inasema George Popovich alizaliwa 23 Aprili 1888, Hungaria. Hati yake ya uraia, ya miaka ya 1930, inasema 5 Mei 1888, Yugoslavia. Jiwe la kaburi walilomsimamishia wanawe linasema 6 Mei 1888, Serbia. Mjukuu anazipanga mezani, anashika kichwa: ama makarani walikuwa wazembe, ama babu alikuwa mwongo.

Hakuna aliyedanganya. Tarehe zote tatu ni siku moja, na nchi zote tatu ni kijiji kimoja.

Tuanze na tarehe. Kanisa la Kiorthodoksi la Serbia linafuata kalenda ya Juliasi mpaka leo, ndiyo maana Krismasi yao huangukia 7 Januari. Katika karne ya 19 kalenda hiyo ilikuwa nyuma ya ile ya Gregori kwa siku 12, na tangu Machi 1900 iko nyuma kwa siku 13. Padri aliyembatiza George aliandika kwamba mtoto kazaliwa 23 Aprili, sikukuu ya Mtakatifu George, ambayo Waserbia huiita Đurđevdan. Kwa kalenda ya serikali ya Budapest, siku hiyo ilikuwa 5 Mei. Karani wa uraia alipotaka tarehe "ya kawaida", babu akajumlisha 12. Wanawe walikuwa wamesikia tu kwamba baba alizaliwa siku ya Đurđevdan. Alipofariki walifungua kalenda ya kanisa, wakaikuta sikukuu hiyo iko 6 Mei, wakaichonga. Hata Nikola Tesla yumo katika mkanganyiko huu: kwa kalenda ya kanisa lake alizaliwa 28 Juni 1856, na dunia humkumbuka tarehe 10 Julai.

Sisi tuliokua na kalenda mbili ukutani, ya mwandamo na ya Kizungu, hatuna haja ya kushangaa. Bibi aliyezaliwa "Mfungo Tatu, mwaka wa mvua kubwa" hupata taabu ile ile akifika dirisha la uhamiaji. Ufalme wa Waserbia, Wakroatia na Waslovenia ulihamia kalenda ya Gregori mwaka 1919, kanisa halikuhama. Kwa hiyo ukikuta tarehe yoyote ya zamani, swali la kwanza ni: ya kalenda ipi?

Nchi nayo ina kisa chake. George tumzalishe katika kijiji kimoja cha Banat, eneo ambalo sehemu yake leo iko kaskazini mwa Serbia, karibu na mji ambao leo unaitwa Zrenjanin. Alipozaliwa, mji huo ulikuwa Nagybecskerek kwa Kihungaria, Großbetschkerek kwa Kijerumani na Veliki Bečkerek kwa Kiserbia. Mwaka 1935 ukabatizwa Petrovgrad, mwaka 1946 ukawa Zrenjanin. Mwanamke aliyezaliwa hapo 1890 akajaliwa umri mrefu angeanza maisha chini ya Austria-Hungaria, akaamkia katika ufalme mpya mwaka 1918, akaona ufalme huo ukiitwa Yugoslavia 1929, akapitia utawala wa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha Yugoslavia ya kijamaa, kisha mwaka 1992 Yugoslavia ya masalia, iliyobaki na Serbia na Montenegro tu, bila kuhamisha kitanda. Wajukuu zake wangeongeza Serbia na Montenegro mwaka 2003, na Serbia peke yake mwaka 2006.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanaandika "Serbia" kwenye kisanduku cha kutafutia, wanapata sifuri. Waserbia wengi waliokwenda Marekani kabla ya 1914 hawakutoka Ufalme wa Serbia. Walitoka Lika, Kordun na Slavonia, ambazo leo ziko Kroatia, na Banat na Bačka, yaani ardhi ya Austria-Hungaria, na wengine Herzegovina na Montenegro. Fomu za uhamiaji za Marekani nazo ziliwagawa watu kwa "taifa la asili" kwa namna ya ajabu: Mkroatia na Mslovenia kapu moja, Mdalmatia, Mbosnia na Mherzegovina kapu la pili, Mbulgaria, Mserbia na Mmontenegro kapu la tatu. Mserbia wa Lika angeweza kutumbukia katika kapu lolote, kutegemea karani na lugha iliyokuwapo siku ile.

Na jina? Jina ndilo watu wanaloliamini zaidi, na ndilo dhaifu kuliko yote. Popović maana yake ni mtoto wa "pop", yaani padri. Mapadri wa Kiorthodoksi wa parokia huoa, kwa hiyo kila wilaya ilikuwa na akina Popović wake wasiohusiana kabisa na wa wilaya ya pili. Kovačević ni wa mhunzi. Jovanović, jina la ukoo lililoenea kuliko yote Serbia, ni la mtoto wa Jovan, na akina Jovan walikuwa wengi kama akina Juma.

Zaidi ya hapo, majina haya hayakuwa yamesimama. Katika Serbia yenyewe, hadi katikati ya karne ya 19, familia nyingi ziliitana kama tunavyoitana pwani: Ali bin Juma, mwanawe Hamisi bin Ali, mjukuu Salim bin Hamisi. Petar akimzaa Jovan, huyo ni Jovan Petrović. Jovan akimzaa Marko, huyo ni Marko Jovanović. Kisha serikali ikataka jina moja la kudumu, na familia ikabaki na lile lililokutwa, kama vile leo fomu ya pasipoti inavyoligandisha jina la babu yako na kulifanya "jina la ukoo" la watoto wako. Upande wa Austria majina yaligandishwa mapema zaidi. Matokeo yake ndugu wawili wa babu mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti, na majirani wawili wenye jina moja wasiwe na damu hata tone.

Kuna na tahajia. Karani Mhungaria aliandika Popovits, Mmarekani akaandika Popovich, padri akaandika Поповић kwa alfabeti ya Kikirili. Jina la kwanza likawa Đuro nyumbani, Georgije kanisani, György kwa serikali, George kiwandani. Na hapa niue uvumi mmoja: majina hayakubadilishwa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York. Orodha za abiria ziliandikwa bandarini kule meli ilikotokea, na maofisa wa New York walisoma tu kilicholetwa. Waliobadilisha majina, mara nyingi, ni wenyewe, baadaye, walipochoka kuyatamka herufi kwa herufi kila siku ya mshahara. Wala kiishio -ić hakikupi uhakika wa Userbia. Wakroatia, Wabosnia na Wamontenegro wanacho vilevile.

Kama jina linateleza na nchi inahama, unashika nini? Unashika kijiji, na unashika slava.

Slava ni sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa familia. Si ya mtu mmoja mmoja, ni ya nyumba nzima, na hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana; mke akiolewa huingia katika slava ya mumewe. Siku hiyo mezani huwekwa mshumaa, mkate wa mviringo wenye nakshi uitwao slavski kolač, na žito, yaani ngano iliyochemshwa, ikasagwa na kuchanganywa na sukari na jozi. UNESCO iliiingiza slava katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Kwa mtafuta nasaba, sifa yake kubwa ni kwamba mtu anaweza kuhama nchi, kubadili jina, kusahau lugha, na bado akaendelea kuchemsha ngano tarehe ile ile. Nyumba ya George, tuseme, bibi alichemsha ngano kila 19 Desemba na hakuna mtoto aliyejua kwa nini. Hiyo ni Nikoljdan, Mtakatifu Nikola. Kumbukumbu hiyo ya jikoni ina thamani kuliko hati ya uraia.

Sasa, tahadhari. Mtakatifu Nikola ni wa familia nyingi mno, kwa hiyo hathibitishi undugu. Kazi yake ni kuchuja. Kijiji kikiwa na koo tatu za Popović, mbili zinasherehekea Đurđevdan na moja Nikoljdan, umeshajua mlango wa kubisha. Ukiwa na slava adimu, kama ya Mtakatifu Alimpije tarehe 9 Desemba, umebahatika, maana uwanja umekuwa mdogo mara moja.

Waliolijua hili kitaalamu ni mwanajiografia Jovan Cvijić na wanafunzi wake. Kuanzia 1902 walichapisha mfululizo wa tafiti za vijiji, eneo baada ya eneo, wakiandika kila ukoo: uliingia lini kwa mujibu wa wazee, ulitoka wapi, una nyumba ngapi, slava yake ni ipi. Ni simulizi za wazee, kwa hiyo zisome kama unavyosoma masimulizi ya mzee wa mtaa. Lakini kijiji chako kikiwamo, utakuta nusu ya kazi imefanywa na mtu aliyetembea kwa miguu zaidi ya miaka mia iliyopita.

Kijiji unakipataje? Anzia kwenye karatasi za nchi ulipo, si za Serbia. Kuanzia 1907 orodha za meli zilizoingia Marekani zilimtaka abiria ataje jina na anwani ya ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Hapo ndipo George anapotaja baba yake na kijiji, kikiwa kimeandikwa kwa sikio la Mhungaria. Meli za Cunard zilizopakia Fiume, leo Rijeka, zilibeba watu wengi wa kwao. Carpathia, ile iliyookoa manusura wa Titanic mwaka 1912, ilikuwa safarini kutoka New York kuelekea Fiume. Usisome mstari wa babu peke yake. Soma ukurasa mzima, maana watu wa kijiji kimoja walisafiri pamoja, na jirani yake anaweza kuwa ameandikiwa kijiji kwa herufi zinazosomeka.

Halafu vyama vya kufa na kuzikana. Waserbia wa migodini na viwanda vya chuma walianzisha mapema vyama vya kusaidiana. Shirikisho lao kubwa lilianzia eneo la Pittsburgh mwaka 1901, na tangu 1906 lilikuwa na gazeti lake, Amerikanski Srbobran. Mtu alilipa ada ili akifa mgodini mjane asiachwe mikono mitupu, na fomu ya bima ilitaka kujua alikotoka na nani arithi. Zipo pia rejista za makanisa yao. La kwanza kabisa Marekani, la Mtakatifu Sava, lilijengwa mwaka 1894 huko Jackson, California, mji wa dhahabu.

Ukishakishika kijiji, uliza swali la pili: leo kiko nchi gani? Vitabu vya kanisa vya Waserbia wa Lika viko Kroatia, na sehemu kubwa ya vitabu vya kanisa vya Kroatia imepigwa picha na FamilySearch, tovuti ya nasaba, na inasomeka bure. Vya Banat viko Serbia. Upande huo wa kaskazini, Banat na Bačka, katika jimbo la leo la Vojvodina, serikali ya Hungaria ilianzisha usajili wa kiraia Oktoba 1895. Sehemu nyingine za Serbia ziliusubiri hadi 1946. Kabla ya hapo rejista ni za kanisa, na mwaka huo wa 1946 dola jipya la kijamaa lilizichukua kutoka parokiani na kuzikabidhi kwa wasajili wa serikali za mitaa. Ndiyo maana ukimwandikia padri utaambiwa hana kitabu. Mwandikie matičar, msajili wa opština, yaani halmashauri ya eneo hilo. Vitabu vikongwe zaidi huwa vimehamia hifadhi za kumbukumbu, na Belgrade kuna Hifadhi Kuu ya Serbia yenye mabaki ya sensa ya watu na mali ya 1862 na 1863.

Ukiufikia ukurasa wa ubatizo wenyewe, usikimbilie jina la mtoto ukafunga kitabu. Safu zimejipanga: siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, wazazi, kijiji, na katika maeneo ya Austria namba ya nyumba. Namba ya nyumba ni dhahabu. Fuata nyumba namba 47 miaka arobaini, utaona watu wanazaliwa, wanaoa na kufa ndani yake hata jina lao likiandikwa kwa namna tano. Mwishoni kuna kum, baba wa ubatizo. Ukum hurithiwa kati ya familia na familia, kizazi hadi kizazi, na unaheshimiwa kama udugu. Ukoo wako ukipotea kitabuni, mtafute kum wake. Huenda yuko palepale, akibatiza watoto wenu.

Hapa Mswahili anamzidi Mmarekani. Barua za zamani zikitafsiriwa Kiingereza, stric na ujak wote huwa neno moja. Kwetu stric ni baba mkubwa au baba mdogo, ujak ni mjomba, na hakuna atakayewachanganya, maana mmoja ni ukoo wako na mwingine ni wa mama. Na binamu? Mserbia humwita mtoto wa baba mdogo "brat", ndugu, kama sisi. Familia ngapi za Chicago zimetafuta miaka na miaka "kaka wa bibi" ambaye hayumo katika rejista, kwa sababu alikuwa mtoto wa baba yake mkubwa!

Kumbukumbu nyingine zimeteketea. Aprili 6, 1941, mabomu ya Wajerumani yaliiunguza Maktaba ya Taifa mjini Belgrade. Katika dola la Ustaša, wafashisti wa Kikroatia waliotawala Kroatia na Bosnia wakati wa vita hivyo, makanisa ya Waserbia yalichomwa na vitabu vyake, na watu wenyewe wakauawa. Makumbusho ya Jasenovac, kambi yao ya mauaji, yana orodha ya majina 83,145 ya waliouawa hapo, Waserbia, Waroma, Wayahudi na Wakroatia, na inaweza kutafutwa kwa jina na kwa kijiji. Kwa waliopelekwa Ujerumani kufanya kazi za kulazimishwa au kufungwa, pa kwenda ni hifadhi ya Arolsen, mjini Bad Arolsen, yenye taarifa za watu wapatao milioni 17.5. Kwa waliopotezana na jamaa vitani kuna huduma ya kutafutana ya Msalaba Mwekundu. Ombi huanzia kwenye chama cha nchi yako, Nairobi au Dar es Salaam, nacho hukipelekea cha Serbia. Wakimbizi wa Maziwa Makuu wanaifahamu sana njia hiyo.

Jamaa walio hai ndio hadithi nyingine, kwa sababu nao wamehama. Baada ya 1945 serikali ilizihamishia familia nyingi za Lika, Bosnia na Montenegro katika nyumba za Wajerumani waliofukuzwa Vojvodina. Tangu mkataba wa ajira wa 1968 kati ya Yugoslavia na Ujerumani Magharibi, wengine wamekwenda Ujerumani kutafuta kazi. Agosti 1995, Yugoslavia ikivunjika kwa vita, Waserbia wapatao 200,000 walikimbia Kroatia kwa matrekta. Kwa hiyo yawezekana kijiji cha babu kiko Kroatia, rejista ziko Zagreb, binamu wako Novi Sad na watoto wao Vienna. Vita hivyo vya miaka ya 1990 viliacha watu wapatao 40,000 hawajulikani walipo. Zaidi ya asilimia 70 wameshapatikana, wengi kwa vinasaba vya mifupa vikilinganishwa na damu ya jamaa.

Njia ninayoipenda ya kuwapata walio hai ni umrlica. Ni karatasi ya tanzia, yenye picha ya marehemu, inayobandikwa kwenye nguzo ya umeme, mlango wa nyumba, mti wa sokoni. Chini, baada ya neno "ožalošćeni", wafiwa, huorodheshwa mke, wana, wakwe, wajukuu, mpaka akina kum. Aliyewahi kukaa kimya wakati redio ikisoma matangazo ya vifo, "habari ziwafikie fulani wa Muheza na fulani wa Kigoma", anajua kwamba hiyo ni nasaba ya ukoo mzima imesomwa kwa dakika moja. Gazeti la Politika, lililoanza 1904, lina kurasa za tanzia ambazo wazee husoma kabla ya siasa. Makaburini pia usitazame waliokufa tu. Waserbia wengi hujichongea jiwe wakiwa hai: picha, jina, mwaka wa kuzaliwa, na nafasi tupu. Jiwe lenye nafasi tupu lina maana kwamba kuna mtu wa kumpigia simu.

Vinasaba vya maabara navikubali, ila viwe vya mwisho. Kromosomu ya Y hupita kwa baba kwenda kwa mwana, kama slava, kwa hiyo wanaume wawili wenye slava moja na kijiji kimoja wanaweza kujua kama kweli ni wa shina moja; chama cha wanasaba cha Belgrade kiitwacho Poreklo hufanya kazi hiyo. Kupima kabla ya kujua kijiji kutakupa orodha ya majina ya watu mia usiowajua, wenye kiishio -ić.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mambo haya hayako mbali sana. Pavle Karađorđević, mtawala msimamizi wa Yugoslavia aliyepinduliwa Machi 1941, aliwekwa na Waingereza kizuizini kando ya Ziwa Naivasha pamoja na familia yake, hadi 1943. Mtu wa Belgrade, lakini miaka yake hiyo miwili imo katika karatasi za Kiingereza. Na tangu mkutano wa nchi zisizofungamana wa 1961 huko Belgrade, vijana wa Kiafrika walikwenda kusoma Yugoslavia, wengine wakaacha watoto huko. Anayetafuta kaka wa namna hiyo akumbuke kwamba "alizaliwa Yugoslavia" haitoshi. Zagreb na Ljubljana leo ni nchi nyingine, na cheti kiko kwa msajili wa mahali mtoto alipozaliwa.

Ukishapata anwani, andika barua fupi, kwa Kiserbia, ukimtaja babu, baba yake, namba ya nyumba, na sentensi moja: "Slavimo Svetog Nikolu", sisi tunamsherehekea Mtakatifu Nikola. Ukiweza kwenda mwenyewe, nenda tarehe 19 Desemba. Waserbia husema kwenye slava watu hawaalikwi. Anayeijua nyumba huja, na siku hiyo hata waliohamia Vienna hurudi. Ila usibebe nyama. Nikoljdan huangukia ndani ya mfungo wa Krismasi, kwa hiyo mezani kutakuwa na samaki.